Mnyama hatari ana saa yake na mahali pake: namna ya kujikinga, na la kufanya akishakudhuru

Mkuki wa nyuma ya mlango haukukingi na mnyama anayeua watu wengi kuliko wote Afrika, maana mnyama huyo ni mbu. Mwaka 2023 pekee malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani. Kati ya kila 100 waliokufa, 95 walikuwa Afrika, na wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Wanaofuata kwa mbali ni nyoka na mbwa mwenye kichaa. Kiboko, mamba, tembo na simba wako chini kabisa katika hesabu hiyo, lakini aliyejenga kando ya Rufiji au anayelima jirani na Tsavo hajali hesabu ya dunia. Ana mnyama wake, na ndiye anayepaswa kumjua.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa vifo, si wa vitisho. Tumekaa zaidi kwa nyoka na mbwa, kwa sababu huko ndiko watu wanakokufa kwa kufanya jambo lisilofaa katika saa ya kwanza.

Mbu

Mbu wa malaria hutafuta damu usiku, hasa kuanzia kama saa nne hadi alfajiri. Kinga kubwa ni chandarua chenye dawa, na chandarua kina namna yake ya kutumiwa.

Kikiwa kipya, kitoe kwenye mfuko ukitandaze kivulini kwa saa 24 kabla ya kukilalia. Ukikitumia siku hiyo hiyo, dawa inaweza kuwasha ngozi na macho, na wengi wanaokiweka kabatini moja kwa moja walianza kwa kuwashwa hivyo. Kining'inize kwa pembe nne, ukichomeke chini ya godoro au kirago pande zote kabla giza halijaingia. Hakikisha anayelala hakiegemei: goti au kiwiko kikigusa wavu, mbu anang'ata kupitia matundu. Kifue kwa maji baridi na sabuni ya mche, si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo. Kianike kivulini, kwa kuwa jua huua dawa. Tundu lishone siku ulipoliona. Baada ya miaka mitatu hivi dawa imekwisha na nyuzi zimechoka, tafuta kingine.

Homa ikianza, pima ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka kinahitaji tone la damu ya kidole, na majibu hutoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Dawa mseto ya malaria, ALu (artemether na lumefantrine), ni dozi sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au karanga, kwa sababu bila mafuta mwili hauifyonzi vizuri. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe. Degedege, usingizi usioamshika, kushindwa kunywa au kunyonya, macho ya manjano na mkojo wenye rangi ya chai si mambo ya vidonge. Mpeleke hospitali usiku huo huo akachomwe sindano.

Mbu wa dengi ni mwingine. Ana madoa meupe miguuni, anauma mchana, na anazaliana katika maji masafi: matairi, ndoo, vifuu, visahani vya maua. Mwaga maji hayo kila wiki, kwa sababu kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua siku saba hadi kumi. Unaposhuku dengi usimeze aspirini wala diklofenaki. Huongeza hatari ya kutoka damu. Tumia parasetamo.

Nyoka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na lilirudisha tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto. Wengi huumwa mguuni, wengi jioni, wengi hatua chache kutoka mlangoni mwao.

Si lazima ujue nyoka wote. Wajue watatu, maana sumu zao zinatenda kazi tofauti.

Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ni mfupi na mnene, na mgongoni ana alama kama mishale inayoelekea mkiani. Hakimbii. Jua likizama hujilaza kwenye njia yenye vumbi lililobaki na joto, kichwa kikiwa kimetulia, rangi yake na ya majani makavu haziachani. Unaweza kumkaribia hadi nusu hatua asijongee. Akipuliza kwa nguvu, kama tairi linalotoa upepo, simama hapo hapo uangalie chini kabla ya kuinua mguu. Sumu yake huvimbisha mguu mzima, hutoa malengelenge na kuua nyama.

Swila, au fira, huinua kichwa na kutandaza shingo. Wapo wanaotema sumu, na huifikisha machoni mwa mtu aliye mbali zaidi ya mita mbili. Huyu huingia ndani kufuata panya, vifaranga na mayai, ndiyo maana huuma watu waliolala chini.

Koboko ni mrefu, mwembamba na mwepesi. Wengi humtafuta nyoka mweusi wakamkosa, kwa sababu ngozi yake ni ya kijivu au kahawia. Cheusi ni sehemu ya ndani ya kinywa. Sumu yake hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia, na inaweza kuua ndani ya saa chache. Jeraha lenyewe huenda likaonekana dogo, bila uvimbe wa kutisha, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni kumwondoa panya. Hifadhi nafaka kwenye pipa au mfuko usiotoboleka, ulioinuliwa kutoka sakafuni. Banda la kuku na rundo la kuni viwe mbali na nyumba. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba na ukate matawi yanayogusa paa. Ziba matundu ya ukutani na nafasi iliyo chini ya mlango. Lala kitandani, na chandarua ulichokichomekea mbu kitakukinga na swila pia. Vitunguu saumu, mafuta ya taa na oili chafu vinavyomwagwa kuzunguka nyumba havizuii nyoka, usivitegemee.

Usiku usitoke bila tochi, hata kama choo kiko hatua kumi. Shambani vaa buti za mpira, na utumie fimbo kupekua majani kabla ya kuingiza mkono. Unapookota kuni, geuza gogo kwa kulivuta upande wako ili liwe kati yako na kilicho chini yake. Nyoka aliyekufa usimshike kichwa: hata kikikatwa bado kinaweza kuuma kwa muda.

Akishauma, fanya hivi:

1. Sogea mbali naye hatua kadhaa. Usimfukuze wala usijaribu kumuua. Wengi huumwa mara ya pili hapo. Ukiweza mpige picha ukiwa mbali, au kumbuka tu umbo na rangi. Daktari hahitaji kuletewa nyoka.
2. Vua pete, bangili, saa, shanga za mguuni, kiatu na nguo ya kubana. Uvimbe ukishapanda, pete hukata damu na kidole hupotea.
3. Mlaze mgonjwa, umwambie atulie na asitembee. Kila hatua misuli inapojikaza, sumu husukumwa juu zaidi.
4. Funga banzi: vijiti viwili au kipande cha ubao, kitambaa laini ndani, fundo lisilobana. Kidole kimoja kipite chini ya kitambaa.
5. Andika saa aliyoumwa. Kwa kalamu chora mstari uvimbe ulipofikia na saa yake, na urudie kila nusu saa. Mistari hiyo itamweleza daktari kasi ya sumu kuliko maneno yoyote.
6. Mpeleke hospitali sasa, si baada ya kuona kama atazidiwa.

Barabara ikiwa ni ya bodaboda, mgonjwa akae katikati, dereva mbele, na mtu wa tatu nyuma amkumbatie. Kabla ya kuondoka au mkiwa njiani, mtu mmoja apige simu hospitali aulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Ni heri kwenda moja kwa moja kilomita 60 palipo na dawa kuliko kupoteza saa mbili kwenye zahanati isiyonayo.

Sasa yale yasiyofaa, ambayo yamekata miguu na kuua. Usifunge kamba ya kubana juu ya jeraha. Kwa kifutu, kamba huifungia sumu na kuinyima nyama damu kwa wakati mmoja, na mguu ambao ungepona huishia kukatwa. Ukimkuta mgonjwa ameshafungwa kamba kwa muda mrefu, usiikate ghafla njiani, kwa sababu sumu iliyozuiwa inaweza kushuka yote kwa mkupuo. Mwache daktari aifungue palipo na dawa. Usichanje, usinyonye, usipake dawa za mitishamba, usiweke barafu, usipige shoti ya umeme ya betri. Jiwe la nyoka, lile jeusi linaloganda kwenye jeraha, huganda kwa sababu lina vinyweleo vinavyofyonza majimaji ya juu ya ngozi. Sumu imeshashuka mbali nalo. Baya zaidi ni saa ambazo jiwe hilo huzila huku familia ikisubiri lidondoke. Kwa maumivu toa parasetamo, usitoe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni.

Bandeji ya kuzungusha mguu mzima hufundishwa kwa ajili ya nyoka wa aina ya koboko. Kama hujafunzwa, au huna hakika kwamba si kifutu, banzi linatosha.

Njiani tazama macho. Kope zikianza kuanguka, akaona vitu viwiliviwili, ulimi ukawa mzito au mate yakamtoka kwa kushindwa kumeza, sumu inapanda kuelekea kwenye pumzi. Mlaze kwa ubavu wa kushoto asije akapaliwa. Akiacha kupumua, mpulizie mdomo kwa mdomo pumzi moja kila sekunde tano au sita, na usiache mpaka mfike. Huyu moyo wake bado unapiga na masikio yake huenda yanasikia. Misuli tu ndiyo imelala. Wapo waliopumuliwa kwa mashine kwa siku kadhaa wakapona kabisa.

Sumu ya swila ikiingia machoni, usisugue. Fungua kope kwa vidole, umwagie maji mengi kwa dakika 15 hadi 20, yakitiririka kutoka upande wa pua kwenda nje. Maji yasipokuwepo, maziwa yanafaa. Kisha nenda hospitali wakaangalie kama kioo cha jicho kimechubuka. Dawa ya sumu ya nyoka haihitajiki hapo.

Hospitalini kuna mambo machache ambayo ndugu wa mgonjwa anapaswa kuyajua. Kipimo kimojawapo ni rahisi: mililita mbili za damu huwekwa kwenye kichupa kikavu cha kioo na kuachwa dakika 20 bila kutikiswa. Isipoganda, sumu imeharibu damu. Si kila aliyeumwa huhitaji dawa, kwa kuwa nyoka huweza kuuma bila kutoa sumu, lakini abaki chini ya uangalizi kwa saa 24. Mtoto hupewa kiasi kile kile cha mtu mzima, kwa sababu kinachotibiwa ni sumu ya nyoka, si uzito wa mtoto. Dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India haitegemewi kwa kifutu na koboko wetu. Uliza kama hiyo iliyopo ni ya nyoka wa Afrika. Na usinunue chupa ukachomewe nyumbani. Dawa hii inaweza kushusha presha na kuziba koo ghafla, hivyo hutolewa palipo na adrenalini mkononi, dawa ya kumwokoa anayepatwa na hali hiyo.

Mbwa mwenye kichaa

Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Kati ya kung'atwa na dalili hupita kwa kawaida miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki moja, wakati mwingine mwaka. Muda huo ndio nafasi yako yote, na unapotezwa na watu wanaoliona jeraha limepona wakadhani mambo yamekwisha.

Dawa ya kwanza iko jikoni: maji na sabuni, kwa dakika 15 kamili kwa saa. Kirusi hiki kina utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, na kwa muda fulani bado kiko pale pale kwenye jeraha kabla ya kuingia kwenye mishipa ya fahamu. Penye bomba ni rahisi. Pasipo na bomba, tundika kibuyu chirizi au toboa dumu tundu dogo: mchirizi wa lita moja kwa dakika unahitaji lita 15 tu, chini ya dumu moja la lita 20. Mtu mmoja ashike mguu wa mtoto, mwingine apake sabuni na kufungua jeraha kwa vidole vilivyofunikwa na mfuko wa plastiki, maji yafike hadi ndani meno yalikopita. Mtoto atalia. Endelea. Kisha paka iodini au spiriti. Usitie pilipili, mafuta ya taa, maji ya betri wala majivu, kwa sababu huchoma nyama na kufungua njia kwa kirusi. Jeraha lisifungwe kwa kubanwa, na lisishonwe siku hiyo isipokuwa daktari ameona damu haizuiliki.

Halafu nenda kuchanjwa siku hiyo hiyo. Hata mkwaruzo usiotoa damu, hata mate ya mbwa juu ya kidonda, vinahesabiwa. Ukichelewa wiki mbili, bado nenda. Sindano za msulini hutolewa kwa kawaida siku ya 0, ya 3, ya 7 na ya 14. Za ndani ya ngozi hukamilika kwa siku ya 0, ya 3 na ya 7. Huchomwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo, kamwe si kwenye makalio, maana mafuta ya pale hudhoofisha chanjo. Zile sindano nyingi za tumboni ni habari za zamani. Mjamzito na anayenyonyesha huchanjwa kama wengine. Kidonda kirefu, au kilicho usoni, kichwani au mikononi, huhitaji pia immunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari, ambayo hudungwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Itolewe pamoja na chanjo ya kwanza, na isipite siku ya saba. Chanjo hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo piga simu kabla ya kusafiri, na chukua kadi yenye tarehe. Inayokoswa mara nyingi ni sindano ya tatu: nauli imekwisha, mtoto anacheza, mzazi anaahirisha. Tenga nauli ya safari zote tangu siku ya kwanza.

Mbwa anayejulikana na anayeweza kufungwa bila kumhatarisha mtu, afungwe na kutazamwa kwa siku 10. Akiwa mzima siku ya kumi, hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Chanjo ya mtu haisubiri siku hizo, huanza leo. Akishauawa, mwite daktari wa mifugo kabla ya kumzika, kwa kuwa kipimo hufanywa kwenye ubongo.

Dalili ya kichaa si ukali tu. Yuko mbwa mpole anayejificha, taya limelegea, mate yanachuruzika, sauti imebadilika, hawezi kumeza. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa na kumtia mkono kooni. Ng'ombe asiyeweza kumeza hupewa huduma hiyo hiyo, na matokeo ni yale yale. Usitie mkono.

Wafundishe watoto namna ya kusimama mbwa anapowajia: wasikimbie, wasipige kelele, mikono ifumbatwe kifuani, macho yatazame chini, wasimame kama mti mpaka anuse na kuondoka. Wakiangushwa, wajikunje kama kobe, ngumi zikifunika masikio na shingo. Na mbwa wa nyumbani achanjwe kila mwaka. Kijiji kinapochanja mbwa 70 kati ya kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita. Ni rahisi kuliko chanjo za watu, na hakuna anayepaswa kufa kwa ugonjwa unaozuilika kwenye foleni ya kuchanjia mbwa.

Mtoni na ziwani

Mamba hujifunza ratiba. Ukiteka maji mahali pale pale, saa ile ile, siku tano mfululizo, siku ya sita anaweza kuwa amelala hatua tatu kutoka ukingoni, pua na macho tu juu ya maji, au asionekane kabisa. Badilisha mahali na saa. Usiingie majini wala usichutame ukingoni. Simama mita tatu nyuma na utumie ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu au kamba. Pasafishwe samaki mbali na pa kutekea, kwa sababu matumbo ya samaki humwita. Usiku mulika tochi juu ya maji: macho yake hurudisha mwanga mwekundu. Suluhisho la kijiji ni uzio wa mamba, yaani miti imara iliyochimbiwa ndani ya maji kwa nusu duara, nafasi kati ya mti na mti isizidi upana wa kiganja. Ukaguliwe baada ya kila mafuriko, maana nguzo moja iliyong'oka huwafungia watu ndani pamoja naye.

Akikushika, piga na kuchoma macho yake, usisubiri. Ukiponyoka, hata jeraha dogo lipelekwe hospitali, kwa kuwa mdomo wake una vijidudu vinavyooza nyama haraka.

Kiboko hali watu, lakini anaua. Ana uzito wa tani moja na nusu na zaidi, na nchi kavu hukimbia karibu kilomita 30 kwa saa, kasi ambayo mtu wa kawaida haiwezi. Jioni hutoka kula majani, alfajiri hurudi, na hupita njia zake zile zile zilizochimbika. Kosa linaloua ni kusimama kati yake na maji. Ukimkuta nchi kavu, usikimbilie mtoni. Toka kwenye njia yake kwa ubavu, panda kichuguu au mti mnene. Kwenye mtumbwi, pita kwenye maji mafupi kando ya ukingo, kwa sababu kina kirefu ndiko anakokimbilia akishtuka, na atatokea chini yako. Gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi ili ajue mnakuja na kuinua kichwa. Wahesabu: ukiona wanne na mmoja akazama, usipige kafi mpaka aibuke, na anaweza kukaa chini dakika tano. Anapopiga mwayo anakuonyesha meno, hajachoka.

Shambani

Tembo huja mahindi yanapokomaa, usiku, akifuata harufu. Uzio wa mizinga ya nyuki umefanya kazi vizuri kando ya Tsavo: mizinga iliyoning'inizwa kila baada ya mita 10 na kuunganishwa kwa waya mmoja, tembo akigusa waya yote inayumba na nyuki wanatoka. Mizinga mitupu haimtishi, kwa hiyo kazi halisi ni ya ufugaji: kivuli, maji karibu, kuzuia siafu. Njia ya bei nafuu ni kamba ya katani yenye vitambaa vilivyochovywa oili chafu na pilipili kali iliyosagwa. Ipakwe upya kila baada ya mvua kubwa. Kumfukuza kwa tochi na kelele ni kazi ya kikundi kilichosimama upande mmoja, kikimwachia njia ya kutokea. Mkimzunguka atapita katikati yenu. Masikio yaliyotandazwa na kichwa kilichoinuliwa mara nyingi ni tishio. Masikio yaliyolazwa nyuma na mkonga uliokunjwa ni shambulio: tupa kofia au mzigo, kimbilia upande ambao upepo haumpelekei harufu yako.

Simba ni habari ya kusini mwa Tanzania hasa. Kuanzia 1990 hadi 2004 waliua watu zaidi ya 560 nchini, wengi katika msimu wa mavuno, wakulima wakiwa wamelala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Simba humfuata nguruwe, humkuta mtu. Dungu liwe juu, lenye kuta na mlango unaofungwa, si kibanda cha nyasi chini. Mashambulizi huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, jua likishazama na mwezi bado haujachomoza. Siku hizo kila mtu awe ndani mapema, na choo kiwe ndani ya uzio. Fisi naye huwapitia waliolala nje na huuma usoni. Kinga ni ile ile, ukuta na mlango.

Nyuki wakichokozwa, kimbia moja kwa moja bila kupunga mikono, ukifunika uso kwa shati, mpaka uingie ndani au ufike mbali sana. Usizame majini, watakusubiri. Kisha paruza miiba kwa ukucha au kadi upesi. Mwiba uliobaki huendelea kusukuma sumu. Kuvimba midomo, kubanwa pumzi au kizunguzungu ni safari ya hospitali bila kungoja.

Mtu akiuawa au kujeruhiwa na mnyamapori, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa serikali ya kijiji na ofisi ya wanyamapori. Tanzania kuna kifuta machozi, yaani fedha ya pole, chini ya kanuni za 2011. Kenya, sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo. Madai mengi hukwama kwa kukosa ushahidi wa siku ya kwanza: piga picha za nyayo ukiweka kiatu au sanduku la kiberiti kando yake kuonyesha ukubwa, zifunike kwa karai mvua isizifute mpaka askari afike, na omba hospitali nakala ya fomu yenye tarehe, saa na aina ya mnyama.